Kiti Kilichobaki kwenye Helikopta

Kituoni, Jumapili, 31 Mei

Dada,

Habari za huko? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mwambie sweta aliyonifumia imefika. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, lakini naivaa hivyohivyo, maana asubuhi hapa baridi inauma.

Nina habari, na unajua simu huku mpaka mtu apande juu ya tangi la maji ndipo inashika. Basi nakuandikia kama kawaida yetu, dereva wa lori la maji atakuletea kesho. Keti kwanza. Jumamosi ya tarehe 13 napanda helikopta kwenda juu ya mlima. Mimi, mpishi wa kituo, mwenye mikono ya kunuka vitunguu.

Ilikuwa hivi. Wamekuja wageni wawili kupima gesi, na Mkuu wa kituo anawapeleka kwa siku moja tu. Asubuhi helikopta inawashusha begani mwa mlima, wanatembea saa mbili hadi kwenye mdomo unaowaka, wanapima, jioni wanarudi kula chakula changu. Kiti kimoja kimebaki. Mkuu akaja jikoni akasema, "Mpishi, miaka mitatu unatupikia chini ya mlima huu na hujauona mdomo wake. Njoo, utabeba chai na mkate."

Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria mpaka maziwa yalipochemka, nikamfuata nje kumwambia nakwenda.

Usimwambie Mama habari ya moto. Mwambie ni matembezi.

Mdogo wako

*

Mjini, Jumatano, 3 Juni

Mdogo wangu Kimbelembele,

Barua yako nimeipata. Mama nimemsomea, na kabla sijakunja karatasi alikuwa ameshatoka kuwaambia majirani kwamba mwanawe anaruka angani. Kwa wao umeshakuwa rubani. Sikumsahihisha.

Hongera. Nakupa hongera kwa moyo mmoja.

Ila tuwekane sawa. Wanaopima hawasemi mdomo wa mlima, wanasema kasoko. Na hapo mtakaposhukia si begani, ni uwanda wa juu, mita elfu mbili mia sita na arobaini. Nazijua kwa sababu mlima huo nimeuchora mara tisa kwa miaka kumi na minne. Kila mstari ulio kwenye ramani ya kituo chenu umepita chini ya kalamu yangu. Mkuu wenu analijua hilo vizuri, ameniandikia zaidi ya mara moja kunishukuru. Ningedhani kiti kikibaki, mtu angefikiria, hata kwa bahati mbaya, kwamba kuna mchora ramani mahali fulani. Lakini basi. Chai nayo lazima ibebwe na mtu.

Umeniuliza sikuonei wivu? Hukuniuliza, najua, lakini Mama aliuliza. Nikamwambia mtu mzima haoni wivu kwa sababu ya helikopta. Kisha nikaenda ofisini, nikakaa kwenye meza yangu karibu na dirisha linalotazama ukuta wa kiwanda cha sabuni, nikaitandaza karatasi ya mlima. Unajua mtu anayeonyeshwa picha za mchumba wa mwenzake, miaka nenda miaka rudi, akiambiwa, "Mtazame pua yake, mtazame macho yake"? Ndivyo nilivyoishi na mlima huo.

Ukifika, nihesabie hatua kutoka helikopta hadi ukingoni. Hesabu kweli, usikisie. Wewe unakisia hata chumvi.

Dada yako, Rula

*

Kituoni, Jumapili, 7 Juni

Dada Rula,

Barua yako nimeisoma nikicheka, kisha nikaisoma tena sikucheka sana. Kasoko basi. Nimemwambia Mkuu, "Mimi nakwenda kasokoni," akanitazama kama nimepata cheo.

Huku matayarisho tu. Nimepewa buti, kofia ngumu na barakoa ya gesi. Nikiivaa barakoa nafanana na nzi. Rubani ananiambia nisile sana asubuhi hiyo, maana wapishi ndio wanaoongoza kwa kutapika angani, ati kwa sababu wanaonja njia nzima. Ni mtu wa maneno machache lakini kila neno linachoma. Ameniahidi kiti cha dirishani.

Ramani yako nimeibandika jikoni, juu ya ndoo za unga, nipate kuizoea. Kwa bahati mbaya nimemwagia mchuzi upande wa mashariki. Doa limekaa hapohapo njia inapopanda mgongo wa mlima. Ndiyo njia Mkuu anayosema tutapita, kwa sababu ni fupi. Wewe unaujua mlima kuliko sisi sote tunaolala chini yake. Kama kuna jambo la kujua kuhusu njia hiyo, niambie kwenye barua yako ijayo, itanifikia Alhamisi, siku mbili kabla ya safari.

Usijali kuhusu kutouona. Mimi nitakuwa macho yako. Nitakueleza ulivyo mpaka uone kama ulikuwepo. Miaka yote wewe ndiye uliyekuwa unanieleza mambo: shule ilivyo, mji ulivyo, ofisi ilivyo. Sasa zamu yangu, Dada.

Kimbelembele

*

Mjini, Jumatano, 10 Juni

Mdogo wangu,

Nina kazi nyingi mezani, nitaandika kifupi.

Mfuate Mkuu. Njia iko kwenye ramani. Vaa soksi mbili.

Mama anasema uchukue sweta.

Dada

*

Kituoni, Jumapili, 14 Juni

Dada,

Samahani kwa mwandiko. Naandika nikiwa nimelala, uchovu umenilaza kitandani na daftari liko tumboni.

Nimefika. Nitakueleza yote, kama nilivyokuahidi.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Helikopta ikiwa chini inatetemeka kama mashine ya kusaga, unadhani haiwezi kwenda popote, kisha ghafla mtetemo unalainika na ardhi inakuacha. Huiachi wewe, inakuacha yenyewe, inashuka. Niliona jiko langu likiwa dogo kama kiberiti, na nguo zangu kwenye kamba. Rubani alituvalisha vizibo vya masikio vyenye spika ndani, akaniuliza, "Mpishi, tumbo?" Nikamjibu, "Lipo." Hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza angani.

Msitu unakwisha mara moja, Dada, kama shuka lililokatwa kwa mkasi. Baada ya hapo ni jiwe jeusi tu, limejikunjakunja kama ngozi ya maziwa unapoisukuma kwa kijiko. Tukashuka kwenye uwanda wako wa mita elfu mbili na ngapi sijui. Upepo wa mapanga ya helikopta uliinua majivu mpaka tukawa weupe kama waliotoka kwenye unga. Kisha Rubani akazima injini. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Halafu ndani ya kimya ukasikia mlima. Haungurumi kama watu wanavyosema. Unapumua, kama mtu aliyelala chumba cha pili.

Tukatembea. Nilihesabu hatua, usiseme sikuhesabu: elfu tatu na mia nane hamsini na sita, nikapoteza kidogo nilipopiga chafya. Harufu ilikuja taratibu, kwanza kama kiberiti kilichowashwa, baadaye kama mayai yaliyosahauliwa. Tukavaa barakoa. Mawe yakawa ya njano, njano ya kiini cha yai, na mahali pengine soli ya buti ilikuwa ya moto kiasi kwamba nilinyanyua mguu mmoja baada ya mwingine kama kuku. Mgeni mmoja, yule mama mfupi, alicheka ndani ya barakoa yake mpaka ikafanya ukungu.

Na kasoko. Nilidhani nitaona moto kama wa kuni. Ni uji, Dada. Uji mzito sana, mwekundu, chini kabisa, mbali. Povu moja linavimba polepole mpaka linakuwa kama nyumba, linapasuka, na sauti inakufikia baadaye, wakati povu lingine limeshaanza. Wageni walishika vyombo vyao. Mkuu alinong'ona namba. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai na nilisahau kumimina. Nilisema peke yangu, "Mimi nimefika hapa." Nilirudia hilohilo.

Nilikaa dakika ishirini. Sijui kama nitapata tena dakika ishirini kama hizo maishani.

Kurudi tulirudi salama.

Mwambie Mama sweta ilinifaa. Na usije kunitembelea sasa hivi, kuna wageni wengi na vyumba vimejaa.

Mdogo wako

*

Mjini, Jumatano, 17 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumatatu. Mama alitaka niisome kwa sauti, nikaisoma mpaka kwenye uji, hapo nikampa miwani yake amalizie mwenyewe. Amemaliza mara nne. Jana alinitazama nikipakua chakula akasema, "Yule mdogo ana moyo mkubwa." Nikamuuliza wangu una ukubwa gani. Akasema, "Wewe una akili." Hivyo ndivyo anavyotugawa siku zote.

Umetumia kurasa tano kunieleza kitu ninachokijua. Kasoko si sufuria, jiwe si ngozi ya maziwa, na huwezi kupoteza hatua kwa sababu ya chafya halafu ukaniletea namba kama mtu aliyepima. Ningepewa mimi dakika ishirini zile, leo kituo kingekuwa na mchoro wa ukingo wote wa magharibi, ambao tangu mlima uumbwe hakuna aliyeuchora kwa macho yake. Wewe umekaa ukashika birika. Ulipelekwa kule kama birika linavyopelekwa, na sasa unaandika kama aliyeuumba.

Unasema zamu yako. Zamu gani? Mimi nilisoma chini ya taa mbovu, nikapasi, nikapata kazi, nikakaa kwenye kiti kile miaka kumi na minne mpaka mgongo ukapinda. Wewe ulikuwa unasonga ugali ukisubiri zamu. Na imekuja yenyewe, ikakubisha hodi jikoni.

Nisingeandika haya. Lakini umeniambia nisije, ati vyumba vimejaa. Nimeelewa. Mlima umekuwa wako, hata kuutazama kwa chini nisubiri nafasi. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nakungoja.

Dada

*

Mjini, Ijumaa, 19 Juni

Mdogo wangu,

Kama ile barua ya Jumatano hujaifungua, ichome. Najua umeshaifungua. Lori lilifika kwenu jana.

Leo saa nne asubuhi mtu aliingia ofisini kwetu na koti la ngozi, majivu yamejaa kwenye mishono. Akauliza, "Mchora ramani ni nani?"

"Ni mimi."

Hakuketi. Alitandaza ramani ya kituo mezani kwangu, ile yenye doa la mchuzi, akaweka kidole kwenye doa. "Hapa chini ni patupu. Mkuu amenituma. Chora hivyo leo, kabla mtu mwingine hajaingia."

"Nani ameingia?"

"Mpishi."

Nikamuuliza mpishi gani, kana kwamba mna wapishi kumi. Akanieleza taratibu, kama mtu anayejua kwamba anayemweleza hajui. Kwamba wakati wa kurudi, kwenye mgongo wa mashariki, ulikuwa wa mwisho kwenye mstari, ardhi ikafunguka chini ya mguu wako wa kulia ukazama mpaka gotini, na chini kulikuwa na mvuke. Kwamba Mkuu alikuvuta kwa mkanda wa mkoba wa chai. Kwamba buti lilipovuliwa, soksi haikutoka peke yake.

"Mbona hakuletwa hospitali?"

"Alikataa. Mgeni wetu mmoja ni daktari, ndiye anayemfunga dawa. Tulimwambia dakika arobaini tu atakuwa mjini. Akasema hapana, dada yake atajua."

"Atajua nini?"

"Hilo hakusema." Akanitazama vizuri. "Wewe ndiye dada yake?"

Nilisema ndiyo kama mtu anayekiri wizi.

Sasa sikiliza, nami niandike kabla sijajionea huruma. Jumanne ya tarehe 9 tuliletewa vipimo vipya vilivyopigwa kutoka angani. Mgongo wa mashariki ulikuwa umeshuka mita tatu tangu mwaka jana. Mtoto wa shule angeelewa maana yake. Nilichora karatasi mpya siku hiyohiyo. Ilitakiwa mkuu wa ofisi aisaini iondoke na lori la Alhamisi, lakini alikuwa mkutanoni mpaka Ijumaa. Jumatano nilijua kwamba karatasi haitaondoka. Na Jumatano hiyo nilikuwa nakuandikia barua, na barua yako ilikuwa mbele yangu, na ndani yake ulikuwa umeniuliza. Hukuniuliza kwa mafumbo. Uliniuliza njia ikoje.

Niliandika: Msipite mashariki, pameshuka, zungukeni kaskazini hata kama ni saa nzima zaidi. Niliandika hivyo kwa kalamu hii. Kisha macho yangu yakarudi pale uliposema utanieleza mlima ulivyo, kwamba sasa ni zamu yako. Nikaichana. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika njia iko kwenye ramani.

Nilijiambia wana Mkuu, wana vyombo, mpishi si wa kuchagua njia. Nilijiambia mtafika, mtaona pameharibika, mtageuka bila kufika ukingoni, na mtarudi na chai yenu. Hilo ndilo nililolitaka. Nilitaka safari iharibike. Safari, si wewe. Lakini nilijua kwamba uko ndani ya safari.

Kijiba cha roho kilinikaa tangu siku ya kwanza, na nilikipa jina la kazi nyingi.

Mwenye koti, yule Rubani wenu, anarudi kesho, anasubiri nimalize. Mama sijamwambia. Niandikie, hata matusi.

Rula

*

Kituoni, Jumapili, 21 Juni

Dada,

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la Mkuu nililisikia, nikalifuata nyumanyuma, na guu likaungua vilevile. Nimewaambia hapa, wakacheka kidogo, kisha wakaona aibu kucheka.

Mguu upo. Daktari anasema ngozi itarudi, nitachechemea kwa muda. Vidole vyote vinacheza, navihesabu kila asubuhi, na hivi sivikisii.

Barua yako ya kwanza niliisoma Alhamisi jioni. Nililala nayo chini ya mto siku mbili. Maneno ya birika yaliniuma kuliko dawa. Ya pili Rubani alinipa jana, akatoka nje akasimama mlangoni nikiisoma, sijui alidhani nitafanya nini. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikataka kusimama, nikasahau kwamba siwezi. Nilisema ukija hapa sikutazami usoni. Nilikuuliza, Dada. Kuna mtu gani mwingine duniani ambaye ningemuuliza njia?

Halafu hasira ikafika mahali ikagota, kwa sababu kuna jambo. Rubani alikuambia nilisema dada yangu atajua. Wewe ulidhani nilificha mguu. Sikuwa naficha mguu.

Kile kiti kilikuwa chako.

Mkuu hakuja jikoni kunikaribisha. Mwezi wa tano alinipa bahasha, akasema, "Mtumie dada yako. Ni haki yake kuuona angalau mara moja." Niliiweka kwenye mfuko wa aproni. Ikakaa humo siku tatu, ikapata mafuta. Siku ya nne aliniuliza umejibu nini. Nikamwambia, "Amekataa. Kifua kinamsumbua, gesi hataiweza." Nilishangaa uongo ulivyotoka laini. Akasikitika kwa dhati. Akasimama pale akikuna kidevu, ndipo akasema basi njoo wewe ubebe chai. Maneno yale ya miaka mitatu na mdomo wa mlima niliyatunga mwenyewe, nilipokuwa nakuandikia.

Kwa nini? Unasema roho ilikuuma wiki tatu. Yangu imeniuma miaka thelathini. Kila gauni nililovaa lilikuja na umbo la mwili wako, viwiko vyako vimeshalichosha. Baba akirudi alikuwa anauliza Rula yuko wapi, mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Mwaka uliokwenda sekondari, Mama alisema mmoja lazima abaki amsaidie. Hakutaja nani, hakuhitaji kutaja. Nakupenda, usidhani sikupendi. Lakini nilitaka kitu kimoja, kimoja tu, ambacho hukukigusa kwanza. Na nilipokuwa pale juu nikisema mimi nimefika hapa, ni wewe niliyekuwa nakuambia.

Ndiyo maana sikutaka uje. Ungeonana na Mkuu, angekuuliza habari za kifua.

Nimemwambia yote leo baada ya chakula. Aliusogeza kikombe chake pembeni. Kisha akasema, "Kwa hiyo angekuja yeye, na yeye alikuwa ameshajua kwamba pameshuka."

Hilo ndilo linaloniwasha, Dada, si mguu.

Mdogo wako

*

Mjini, Jumatano, 24 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii nitakupa mkononi. Nakuja na lori kesho, nitakaa mbele na dereva, Mama ameshanifungia mkate. Naandika kwa sababu nikiuona uso wako sitaweza kusema ninachotaka kusema. Uisome nikiwa nimeketi hapo, usinitazame mpaka umalize.

Nimekasirika. Niliposoma habari ya bahasha nilitoka ofisini nikaenda kusimama kwenye ule ukuta wa kiwanda, nikaupiga kwa kiganja mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina shida na sabuni. Miaka kumi na minne nikingoja mtu anikumbuke, na alinikumbuka, na wewe ukaniweka mfukoni pamoja na mafuta. Ningekwenda. Mguu wako ungekuwa mzima. Wote tungekuwa wazima.

Kisha nakumbuka karatasi niliyoichana, na sina pa kuiegemeza hasira yangu.

Sijakusamehe. Nawe usinisamehe upesi, kwa sababu tu mimi ni mkubwa wako na umezoea kunipisha. Tukae hivi kwanza, kila mtu na lake. Mama nimemwambia yote mawili, lako na langu. Aliendelea kuchambua maharage, akasema, "Mimi ndiye niliyesema mmoja abaki." Akaingia chumbani.

Jumatatu utashuka na lori, ukatibiwe mjini. Mama atakuuguza. Mimi nabaki kituoni siku kumi. Mkuu amemwomba mkuu wa ofisi yangu nije nichore njia mpya kwa macho yangu. Yaani nitapanda, Kimbelembele. Najua itakavyokuuma. Nakuambia mwenyewe, nisikufiche.

Rula

*

Kituoni, Jumapili, 5 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini Mama hakulazimishi kula kila saa. Kidonda kifungwe asubuhi na jioni, na usikubali mafuta ya yule jirani.

Jiko lako limeingia mikononi mwa dereva wa lori. Anapika maharage kana kwamba amekosewa nayo. Kila mtu hapa anauliza utarudi lini, na mimi nasikia wivu, nakwambia kweli tupu. Miaka yote nilidhani ramani yangu ndiyo iliyokaa katika kituo hiki. Kumbe ni wewe. Kila kikombe kina mahali pake, na ukiweka kwingine mtu anakuambia, "Mpishi hakiweki hapo."

Jana nilipanda.

Niliketi dirishani. Uliyoyasema kuhusu helikopta ni kweli, sitayarudia. Tuliposhuka uwandani, Mkuu aliuliza nataka kuanza wapi. "Ukingoni ni kaskazini," akasema, "njia ile mpya, mwendo wa saa tatu. Au mgongo wa mashariki kwanza?" Nilikuwa na penseli nne zilizochongwa na ubao wa kuchorea. Nimeota ukingo ule tangu nina miaka ishirini na tano. Nikasikia mdomo wangu ukisema mashariki.

Walinifunga kamba kiunoni. Rubani alishika ncha, Mkuu akatangulia akigongagonga ardhi kwa fimbo ya chuma, akisikiliza. Upande ule upepo haufiki na mvua haijanyesha, kwa hiyo majivu yametulia kama mlivyoyaacha. Niliona nyayo zenu zote. Zako nilizijua mara moja. Unatembea na vidole vimetazama nje kama bata, tangu utoto.

Na hata hapo, roho iliniuma. Mahali ambapo nimepachora mara tisa, nyayo zako zilikuwa zimetangulia.

Mkuu akatuzungusha mbali na shimo hadi upande wa kasoko, nikazifuata zile za kurudi. Niliweka buti langu ndani ya kila unyayo wako, mmoja baada ya mwingine, nikihesabu. Ulikuwa unatembea vizuri. Mahali pamoja ulisimama ukageuka kutazama nyuma, kuelekea kasoko, nadhani ulitaka kuiona mara ya mwisho. Hatua kumi na moja baada ya hapo zinakwisha.

Shimo lina upana wa sentimita arobaini na mbili. Ukubwa wa kifuniko cha sufuria. Mvuke unatoka kidogokidogo, bila haraka. Pembeni kuna alama za vidole vyako kumi, ulipojishikilia, na mfereji mrefu pale walipokuburuta. Mkuu aliniambia nisisogee zaidi. Nilipima, nikaandika, nikachora mstari mwekundu kuvuka njia yote ya mashariki, naye akasaini palepale, karatasi ikiwa imeegemezwa mgongoni kwa Rubani.

Kisha wakaniambia bado kuna muda wa kwenda kasokoni tukiharakisha. Nikasema tungoje kidogo. Nikaketi juu ya jiwe la moto, mbele ya zile alama za vidole, nikalia mpaka barakoa ikaanza kujaa maji, na muda ukaisha.

Rubani alidhani ni gesi. Alinipa kitambaa, akaniambia hata wanaume huwapata. Sikumsahihisha.

Dada yako